Siku Moja au Siku Mbili: Mwaka Wangu Jirani na Mabinti wa Seminari

Usiku wa Jumamosi, tarehe 20 Aprili 2019, nilipanda ngazi za jengo moja katika mtaa wa Bayit Vegan, magharibi mwa Jerusalem, nikiwa na mfuko wa machungwa mkononi, na nilipofika mlangoni sikubonyeza kengele bali niligonga kwa vidole na kusema hodi. Chini barabarani mabasi yalikuwa yamerudi kazini tangu Sabato ilipoisha, na jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa amesimama kibarazani akikung'uta kitambaa cha meza, kwa maana kwake yeye siku kuu ya kwanza ya Pasaka ilikuwa imekwisha pamoja na jua. Nyuma ya mlango nilioubisha, mabinti wanane wa miaka 18 na 19 walikuwa ndiyo kwanza wanatandika meza ili waisome tena hadithi ya kutoka Misri ambayo walikwisha kuisoma yote usiku uliotangulia. Jirani alikuwa mwenyeji na wao walikuwa wageni, na sheria yao inamtaka Myahudi wa ughaibuni aadhimishe siku mbili pale ambapo mkaazi wa nchi ile anaadhimisha moja.

Asili ya jambo hili haimpi tabu Mswahili kuielewa, kwa sababu ni habari ya mwezi kuandama. Zamani mwezi mpya ulitangazwa Jerusalem baada ya mashahidi kuja kusema kwamba wameuona, kisha wajumbe wakatumwa kupeleka habari. Jumuiya zilizokuwa mbali, ambazo wajumbe hawakuweza kuzifikia kwa wakati, zilisherehekea siku mbili ili zisikosee. Baadaye kalenda ikawekwa kwa hesabu na shaka ikaondoka, lakini desturi ya siku mbili ikabaki kwa watu wa ughaibuni hadi leo. Mimi ni mtu wa Tanga, ambako kila mwaka kuna wanaofuata mwezi wa Makka na kuna wanaongoja uandame nyumbani, kwa hiyo nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka nikasema kwamba hata sisi tunaujua mgogoro huo.

Lakini kwa mabinti wale halikuwa jambo la kalenda tu. Kijana aliyekuja Jerusalem kukaa miezi kumi, ana chumba, ana kadi ya basi, anajua duka lipi linauza nyanya kwa bei nafuu, je, ni mkaazi au ni mgeni? Marabi wametofautiana. Wengi wanasema kwamba maadamu ana nia ya kurudi kwao, basi afuate siku mbili. Wengine wanasema kwamba aliyeko katika nchi ile, hata kwa muda, anafuata siku moja kama wenyeji. Na ipo rai ya tatu, inayonasibishwa na rabi Shmuel Salant aliyeongoza Wayahudi wa Jerusalem katika karne ya 19, inayoitwa kwa utani siku moja na nusu, yaani mtu ajizuie na kazi zilizokatazwa siku ya pili lakini sala zake ziwe za siku ya kawaida. Mezani usiku ule rai zote tatu zilikuwepo. Binti mmoja aliyefuata siku moja alikaa nasi kama mtazamaji tu, hali moja na mimi, na wenzake walimwonea wivu kwa kuwa angeweza kuosha nywele zake kesho yake kwa maji ya moto.

Naomba nieleze jinsi nilivyofika pale, kwa sababu watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kama nilikuwa mtumishi wa ndani. Mimi ni muuguzi, na Oktoba 2018 nilikwenda kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, kwenye kampasi iliyo pamoja na hospitali ya Hadassah, Ein Kerem. Nilipanga chumba Kiryat HaYovel, mtaa wa watu wa kipato cha kati na cha chini ulio karibu na hospitali, na kila nilipokwenda mjini nilibadilishia usafiri Mlima Herzl, ambako ndiko treni ya umeme ya mjini ilikokuwa inaishia. Bayit Vegan iko hapo hapo, nayo imejaa seminari za wasichana na yeshiva za wavulana, yaani vyuo vya kusomea dini, ambako vijana wa Kiyahudi kutoka Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na Afrika Kusini huja kukaa mwaka mmoja kati ya sekondari na chuo kikuu. Kituo cha basi kilikuwa kinajaa sketi ndefu, mikoba ya mgongoni na Kiingereza cha lafudhi za kila aina. Nami nikiwa na baibui langu na mtandio, binti mmoja aliniona akadhani ni mama wa Kiyahudi wa Ethiopia, akanisogelea na kuniuliza njia kwa Kiebrania alichokuwa amekipanga neno kwa neno kichwani. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba na mimi nimepotea. Alitoka London, na tangu siku hiyo tukawa tunasubiri basi pamoja.

Wenyewe mwaka ule wanauita shana ba'aretz, maana yake mwaka katika nchi, na hawaoni haja ya kusema ni nchi gani. Si jambo lililozuka juzi. Taasisi ya kuwafunza viongozi wa vyama vya vijana kutoka ughaibuni ilianza Jerusalem mwaka 1946, kabla hata dola ya Israel haijatangazwa. Chama cha vijana cha Marekani kiitwacho Young Judaea kilianza programu yake ya mwaka mzima mwaka 1956. Na mwaka 2004 serikali ya Israel na Shirika la Kiyahudi walianzisha Masa, mpango wa kusimamia na kuchangia gharama za programu ndefu za namna hii. Wako wanaokwenda kufanya kazi katika kibbutz, yaani kijiji cha ujamaa, wako wanaojitolea katika miji ya pembezoni, wako wasioshika dini kabisa ambao kwao mwaka ni wa kujua historia na kujifunza kuongoza wenzao. Hao nilikutana nao kwa kupita tu. Niliowajua ni wale wa seminari.

Siku yao ilikuwa ndefu kuliko yangu. Masomo yalianza asubuhi saa mbili na nusu na mara nyingi yalimalizika saa tatu usiku: Taurati na wafafanuzi wake, manabii, sheria za Sabato na za chakula, maadili. Hakuna mtihani wa taifa mwishoni, hakuna nafasi ya kwanza wala ya mwisho, na jambo hilo liliwachanganya wengi wao, kwa sababu walikuwa wametoka katika shule ambako kila saa ilipimwa kwa alama. Mmoja wao, binti wa New Jersey, aliniambia kwamba mwezi wa kwanza alikuwa anaandika kila neno la mwalimu kwa hofu, mpaka mwalimu mmoja mzee akamwomba aweke kalamu chini na amwambie yeye binafsi anaonaje. Hakuwa na la kusema, akalia mbele ya darasa. Alisimulia akicheka, lakini nilimwona kwamba bado ilikuwa inamuuma.

Alasiri mbili kwa wiki walitumwa kusaidia watu: kulea watoto katika nyumba zenye watoto tisa au kumi, kukaa na wazee, kuwatembelea wagonjwa. Hapo ndipo walipojifunza mengi ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Wengi wao walikuwa wamekulia katika nyumba zenye mashine ya kuosha vyombo na mama wa kuja kusafisha mara mbili kwa wiki, na sasa walikuwa wanatolewa jasho na mama wa Kiyerusalemu mwenye watoto wanane, chumba na sebule, na hasira za saa kumi na moja jioni. Binti wa London alinijia siku moja akaniuliza kama najua namna ya kumnyamazisha mtoto mwenye chango. Nilimwonyesha jinsi ya kumlaza kifudifudi juu ya mkono na kumsugua mgongo. Wiki iliyofuata akaniambia kwamba yule mama amemwuliza ni nani aliyemfunza, naye akajibu kwa fahari kwamba ni dada yake wa Tanzania. Neno dada nilikuwa nimewafundisha mimi, baada ya kuchoka kuitwa kwa jina tupu na watoto niliowazidi miaka kumi na sita.

Kisha kuna shughuli ya Sabato. Kila baada ya wiki kadhaa seminari hufunga jiko lake na kuwaambia wanafunzi watafute pa kwenda, na hapo binti wa miaka 18 anapaswa kumpigia simu mtu asiyemjua, rafiki wa shangazi wa mwalimu, na kusema: naomba nije kula na kulala kwenu kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi usiku. Nilidhani Waswahili ndio mabingwa wa kumpokea mgeni asiye na taarifa. Nakiri kwamba nimekutana na wenzetu. Hata kwenye Ukuta wa Magharibi Ijumaa jioni kuna watu waliojipa kazi ya kuwagawa vijana wasio na pa kula, wewe nenda kwa huyu, ninyi wawili mfuateni yule, na kijana anaondoka gizani kumfuata mtu aliyevaa kofia ya manyoya mpaka kwenye meza ya familia ambayo hataiona tena. Wengine walirudi wamenogewa. Wengine walirudi wamekaa kwa muda wa saa tano wakisikia Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, wasichokielewa, wamelala sebuleni na watoto wanne, na hawakuthubutu kuuliza choo kiko wapi.

Jambo moja lilinipa raha isiyo na kiasi. Ijumaa kabla ya adhuhuri nilikuwa nakwenda soko la Mahane Yehuda, na mara nyingine tuliandamana. Mabinti wale walikuwa wamesoma Kiebrania tangu chekechea, lakini kilikuwa Kiebrania cha Musa na Isaya. Waliweza kueleza kwa kina jinsi Bahari ya Shamu ilivyopasuka lakini hawakuweza kununua matango. Mchuuzi alipopaza sauti kutaja bei, wao walibaki wanahesabu vidole huku mimi nimekwisha kutoa pesa, kwa sababu arbaim ni arobaini, hamishim ni hamsini, shishim ni sitini, shivim ni sabini, na tishim ni tisini. Waarabu walituachia hesabu hizo pwani zamani sana, na Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu. Hata hiyo aretz yao ni ardhi yetu, na bayit, nyumba, ndiyo beti ya shairi. Binti wa New Jersey alisimama katikati ya soko na mifuko yake akasema kwamba si haki, miaka kumi na miwili ya ada na mama wa Tanga amemshinda kwa wiki tatu. Bibi yangu, ambaye mji ule aliuita Baitul Mukadasi na hakuwahi kuvuka mpaka wa mkoa, angefurahi kusikia.

Ada yenyewe nisiifiche. Seminari nyingi, pamoja na malazi, zilizidi dola 20,000 kwa mwaka, bila nauli ya ndege na pesa ya mkononi, na ingawa wengine walipata ruzuku, hili si jambo la watoto wa maskini. Nilipowasikia wakilalamika juu ya chakula cha bwenini, nilimkumbuka mdogo wangu wa kiume, ambaye alipomaliza kidato cha sita alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kambi ya Maramba, akarudi amekonda, mweusi tii, na anaamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa. Niliwasimulia, wakashangaa. Walishangaa zaidi nilipowaambia kwamba JKT, iliyoanza Julai 1963, ilisaidiwa mwanzoni na wataalamu wa Israel waliokuja na mfano wa vijana wao wanaochanganya jembe na bunduki. Sisi tulipewa mfano tukaufanya wetu. Wao, waliokuja kutoka New Jersey, walikuwa wanautazama mfano wenyewe kupitia dirisha la basi.

Maana ndani ya basi lile lile, kila Jumapili asubuhi, walikaa wasichana na wavulana wa umri wao hasa, wamevaa sare, bunduki imelazwa mapajani, wamesinzia. Hili ndilo lililowasumbua wengi kuliko masomo yote. Mwenyeji wa miaka 18 anaingia jeshini kwa sheria; mgeni wa miaka 18 anakwenda kujadili wafafanuzi wa karne ya 11. Wengine wao walijibu swali hilo kwa kubaki na kuvaa sare, wakawa wale wanaoitwa askari wapweke kwa kuwa wazazi wao hawako nchini. Wengine walijitolea katika magari ya wagonjwa ya Magen David Adom. Mmoja wao nilikutana naye kwenye mkahawa wa hospitali, kijana wa Melbourne, Australia, ambako vijana huuanza mwaka huu Februari kwa sababu shule za kusini hufungwa Desemba. Alikuwa amemaliza mafunzo ya saa 60 na alikuwa na karatasi mfukoni yenye maneno ya lazima: eifo ko'ev, unaumwa wapi, na mengine kama hayo. Asubuhi ile alikuwa amefanya kwa mara ya kwanza kazi ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, kwa dakika zaidi ya thelathini, kwa zamu na wenzake, na yule mzee hakurudi. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Nilimwambia yale niliyoambiwa mimi na muuguzi mkuu wangu nilipokuwa mwanafunzi, kwamba mbavu ulizozisikia zikivunjika ni dalili kwamba ulikandamiza sawasawa. Akaniuliza kama huzoeleka. Nilimwambia kwamba hapana, ila mtu hujifunza kula baadaye, nikamsogezea sahani.

Kijana huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba Alhamisi usiku mara nyingi anawabeba wenzake. Israel inaruhusu pombe kuanzia miaka 18 wakati Marekani ni 21, wazazi wako mbali, na Alhamisi ndiyo usiku wa kutoka, basi mitaa ya katikati ya mji inajaa watoto wa shule za dini waliolewa kwa mara ya kwanza maishani. Walimu wanalijua hilo, na seminari za wasichana zinafunga milango saa ya mwisho ya kurudi. Bado sikuona kama watu wazima wa pande zote mbili za bahari wanalisema kwa sauti inayostahili. Mwaka huu unauzwa kwa wazazi kama mwaka wa kukua kiroho, na ni kweli. Lakini mtoto aliyeachiwa kamba yote kwa mara moja hukua pia kwa njia nyingine.

Kuhusu huko kukua kiroho, wana neno lao la mzaha ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri kupinduka. Fulani amepinduka, wanasema, yaani alikuja Septemba na suruali ya jeans na simu isiyotoka mkononi, na kufikia Februari sketi imefika kwenye fundo la mguu, simu imekuwa ile ya kubonyeza, na hataki tena kula kwenye jiko la bibi yake kwa shaka ya sufuria. Kwa wavulana ni kofia nyeusi na shati jeupe. Wazazi wanaocheka juu ya jambo hilo katika mikusanyiko ya marafiki ndio hao hao wanaolia kwenye simu. Niliwaona mabinti wawili walioshika sana kisha wakalegea kabla ya mwezi Mei, na mmoja ambaye alibadilika polepole, bila kelele, na nilimwamini huyo kuliko wote. Alikuwa yule wa London.

Kuna upande ambao ramani ya mwaka wao haikuwa nao. Ijumaa mchana mimi nilipanda treni ile ile, nikapita vituo vyao vyote, nikashuka karibu na Lango la Damascus kwenda kuswali Al-Aqsa. Na treni hiyo ikiendelea inapita Shuafat, mtaa wa Wapalestina, ambako wanashuka akina mama wenye mifuko ya soko lile lile. Mabinti wengi waliambiwa wasishuke huko, na hawakushuka. Binti wa New Jersey aliniuliza siku moja, kwa sauti ya chini, watu wa huko wakoje. Nilimjibu kwamba wananiuliza maswali yale yale mnayoniuliza ninyi, nimeolewa, nalipwa kiasi gani, na Tanzania kuna simba mjini. Sikuwa na jibu kubwa zaidi, na bado sina, lakini nadhani mwaka unaoitwa wa nchi ungepaswa kumwonyesha mtu vituo vyote vya treni.

Jioni ya tarehe 7 Mei king'ora kililia nchi nzima saa mbili usiku kwa dakika moja, na kesho yake saa tano asubuhi kwa dakika mbili, kuwakumbuka askari waliokufa. Tulikuwa katika siku za kwanza za Ramadhani na nilikuwa kituoni Mlima Herzl, ambako ndiko makaburi ya kijeshi yaliko. Basi lilisimama, dereva akashuka, kila mtu akasimama wima. Mabinti wangu walikuwa wamepanda mlimani na seminari yao. Waliporudi, yule wa New Jersey, ambaye hanyamazi, hakusema neno mpaka tulipofika kwake, kisha akaniambia kwamba kaburi alilosimama mbele yake lilikuwa la mvulana wa miaka 19, na mama wa mvulana yule alikuwepo, akamgawia pipi kutoka kwenye mfuko kama mtu anayegawia wageni waliomtembelea nyumbani. Hakujua kama aile au aiweke. Alikuwa bado ameishika.

Nirudi kwenye meza ya Aprili. Nilikuwa nimeleta machungwa kwa sababu tunda zima ndilo kitu pekee ambacho mtu kama mimi angeweza kuingiza katika nyumba iliyosafishwa chachu bila kuzua swali. Kwa kuwa siku ya pili haiandaliwi katika siku ya kwanza, na zaidi siku hiyo ya kwanza ilikuwa Sabato, hawakuruhusiwa kugusa maandalizi mpaka giza liingie, kwa hiyo tulianza karibu saa tatu usiku, taa zikiwa zile zilizoachwa zinawaka tangu Ijumaa. Nyumba ilikuwa ya shangazi wa mmoja wao aliyesafiri. Mdogo kuliko wote aliuliza yale maswali manne, usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wowote, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuyajibu jana, wakaamua kila mtu ajibu kwa habari ya mwaka wake. Waliponifikia nikasema kwamba kwetu kuna msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Binti wa Johannesburg akasema kwamba hiyo ni fatwa kamili, inafaa wapelekewe marabi: siku mbili ni za mgeni, imethibitika kutoka Tanga. Wa London ndiye pekee aliyeniuliza kama inawezekana mtu akaomba jembe mwenyewe kabla hajapewa.

Mwisho wa usomaji, baada ya saa saba usiku, husemwa: mwaka ujao Jerusalem. Katika mji wenyewe wanaongeza neno moja, mwaka ujao katika Jerusalem iliyojengwa, kwa kuwa tayari wapo. Walilisema kwa sauti, kisha kikaja kimya ambacho hakikuwa kwenye kitabu, kwani saba kati ya wanane walikuwa na vyuo vinavyowangoja na tiketi za Juni.

Wengi waliondoka mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Nilipewa urithi wa viango vya nguo, mto mmoja, na chupa tatu za shampuu zilizobaki nusu. Binti wa London alikuwa na nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, na nilijua kwamba anazungumza na mama yake kila usiku, na kwamba mama yake alimwambia, tulilipia mwaka mmoja, hatukulipia maisha. Alinisimulia hivyo kituoni, akatazama pembeni, na mimi sikumwuliza ameamua nini.

Sikukuu ya Shavuot, yaani Pentekoste ya Wayahudi, iliangukia Jumapili, tarehe 9 Juni. Kesho yake nilikuwa maktaba nikipambana na jedwali za takwimu, simu ikatikisika mezani karibu saa sita mchana. Ulikuwa ujumbe wake: dada, nimehamia chumba kingine huku Kiryat HaYovel, karibu na kwako, sakafu ni chafu mno, naomba uniazime ndoo na lile fagio la mpira la kukaushia maji. Nilikuwa nimekwisha kujibu kwamba nakuja jioni ndipo nilipoitazama tarehe. Jumatatu, 10 Juni, siku ya pili, ambayo mgeni hagusi simu.

Nilitoka mapema, nikapitia nyumbani kuchukua ndoo, fagio na kipande cha sabuni. Alikuwa ghorofa ya pili. Nilibonyeza kengele.